Kabla Hujaiwekea DX Injini ya Altezza

Injini iwe kitu cha mwisho kununua. Najua ushauri huu haumkolei mtu aliyekwishapigiwa simu na dalali kwamba kontena limefika, ndani mna 3S-GE ya Altezza pamoja na giaboksi yake ya gia sita, na bei ni ya leo tu. Lakini pita kwenye nyua za wapenda magari, kuanzia Nyali hadi Tegeta, uone kisa kilekile kinavyojirudia: bodi la Corolla limekalia mawe, majani yameota hadi kwenye bampa, na barazani injini ya fedha nyingi imefunikwa turubai. Haijaonja petroli tangu ishuke melini. Bajeti yote iliishia kwenye nguvu, na fedha za breki, rejeta, nyaya na propela shafti hazikupatikana tena.

Nitazungumzia gari moja ili tusizunguke: Toyota Corolla ya KE70, ambayo Kenya wengi waliizoea kwa jina la DX. Ilianza kutengenezwa mwaka 1979, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, ina uzito usiofika tani moja, na muundo wake mwepesi fundi yeyote wa mtaani anaufahamu. Ina jambo jingine linalowavutia wajenzi wa dunia nzima: sakafu na miguu yake ni ya ukoo mmoja na AE86, ile Corolla ya michezo ya 1983 hadi 1987. Vitu vingi vya AE86 vinaingia kwenye KE70 bila kuchomelea. Mwenye Datsun 1200 au Escort naye anaweza kufuata mpangilio huu, ila majina ya spea yatabadilika.

Tuanze na bodi. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo bodi la KE70 utalitafuta humuhumu nchini, na hapo ndipo chumvi ya pwani inapoingia kwenye hesabu. Kati ya gari la Nakuru au Arusha lililopauka rangi na la Mombasa lililopigwa rangi mpya juzi, mimi nitachukua lililopauka bila kufikiri mara mbili. Rangi mpya huficha puti, na puti huficha shimo. Nenda na sumaku ndogo uliyoizungushia kitambaa laini na uipitishe chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu. Ikikataa kushika, hapo hakuna chuma. Kisha ingia chini na bisibisi. Gonga sakafu chini ya zulia, kitako cha betri, mahali shokapu za mbele zinapofungwa ndani ya boneti, na zaidi ya yote sehemu za chini ya bodi ambako mikono ya ekseli ya nyuma imefungwa. Mlango uliooza unabadilishwa. Sehemu inayoshikilia ekseli ikioza, gari hilo ni la kung'olewa spea.

Angalia pia kama ni saluni au steshenwagoni. Saluni ina springi za mviringo nyuma na mikono minne inayoshika ekseli, kama AE86. Steshenwagoni ina springi za majani. Wagoni inapendeza, tena inabeba, ila mengi yanayosemwa kuhusu spea za AE86 kwa upande wa nyuma hayaihusu.

Sasa swali ambalo wengi hulipita: gari hili ni la nini? La kwenda kazini na harusini, la mashindano ya uwanjani Jumapili, au la safari ndefu? Jibu moja tu, maana kila jibu lina springi zake, gia zake na joto lake. Anayetaka yote matatu kwa gari moja huishia na gari linaloumiza mgongo mjini na kuchemka mlimani.

Injini ya asili, 4K ya sisi 1,290, ilitoa nguvu-farasi kati ya 60 na 75 hivi, kutegemea soko na namna ya kupima. Injini ya Altezza RS200 ya gia za mkono, ile inayoitwa Beams, ilitangazwa kwa nguvu-farasi 210. Hiyo ni mara tatu, kwenye bodi lililochorwa kwa ajili ya mtumishi wa ofisi mwenye watoto wawili. Kati ya ncha hizo mbili ipo familia ya A: 4A-FE iliyojaa kwenye Corolla za miaka ya 1990, yenye nguvu-farasi zaidi kidogo ya 100, na 4A-GE ya vali 20 iliyotangazwa kwa 160 na baadaye 165. Kwa barabara zetu, msimamo wangu ni kwamba gari la kilo 900 likiwa na nguvu-farasi 110 hadi 160 na breki nzuri linafurahisha kuliko lenye 210 ambalo dereva wake anaogopa kukanyaga mafuta. Kumbuka Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari la familia. Mwaka 1963 na tena 1968 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho wa mashindano hayo, na miaka yote miwili mshindi, Nick Nowicki, alikuwa ndani ya 404. Waliokuwa na mbio zaidi walibaki matopeni.

Umeshachagua kiwango cha nguvu? Basi iache injini huko iliko na uanze chini.

Breki za KE70 zilitosha kwa 4K na tairi nyembamba za inchi 13. Ukishuka Mai Mahiu au Kitonga na injini mpya, zitachemka kabla hujafika nusu ya mteremko: pedali italainika, kisha itazama. Njia iliyo safi ni kuweka miguu ya mbele ya AE86 yenye diski kubwa zenye matundu ya hewa katikati, na ukiipata, ekseli yake ya nyuma pia. Zimekuwa adimu na madalali wanalijua hilo. Usipozipata, boresha zilizopo kwa uaminifu: diski mpya, pedi za kiwango, kalipa zilizofunguliwa na kuwekwa raba mpya, mipira ya breki yote mipya, na masta silinda mpya. Mipira hasa. Kwa nje huonekana mizima, kumbe ndani imevimba na kuziba kama mshipa wa mzee mwenye shinikizo la damu. Unakanyaga breki inashika, unaachia haiachii. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa, na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili, kwa kuwa hunyonya unyevu hewani na yakishakuwa na maji huchemka upesi.

Ukiweka kalipa kubwa zaidi bila kubadilisha masta silinda, pedali itakwenda mbali sana kabla breki hazijashika. Ukiweka diski nyuma bila kurekebisha mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma, magurudumu ya nyuma yatafunga kwanza na gari litageuka uelekeo wa ulikotoka. Hili si la kubahatisha. Lijaribu kwenye uwanja mtupu, kwanza kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, halafu 50, na mtu wa kuaminika akitazama kutoka pembeni gurudumu lipi linaacha kuzunguka mapema.

Usukani wa KE70 unatumia boksi la mipira ya chuma, na la umri huo lazima lina mchezo. Wengi huhamishia reki ya AE86 pamoja na kipande cha chini kinachoibeba. Ni kazi nzuri, ila si ya lazima. Bushi mpya, ball joint mpya na boksi lililorekebishwa vizuri vitakupa nusu ya raha hiyo kwa gharama ndogo sana.

Tairi sasa. Rimu za KE70 zina bolti nne katika mzunguko wa milimita 114.3. Rimu za Corolla 100 na 110, zilizojaa kila soko, ni bolti nne kwa milimita 100, kwa hiyo haziingii. Za Altezza ni bolti tano. Atakuja kijana kukuuzia vipande vya kuunganishia ili rimu yoyote ikae; mshukuru, umrudishie. Inchi 14 zenye tairi za 185/60 zinatosha, hazigongi matao, na tairi zake zinapatikana. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi ya mtumba iliyoandikwa 1614 ilitengenezwa wiki ya 16 ya mwaka 2014, hata kama kashata zake bado ni nene.

Na tafadhali usilishushe gari mpaka likwaruze kila tuta. Ukilishusha kupita kiasi, mikono ya chini hubadilisha pembe na usukani unajigeuza wenyewe kwenye kila shimo. Sentimita 3 hivi kutoka urefu wa asili zinatosha kwa macho na kwa kona.

Hapo gari lako bado lina 4K, na linatembea. Liendeshe hivyo kwa miezi kadhaa. Utajifunza linakolia, linakovuja na linakoyumba, na makosa yote ya miguu utayarekebisha kabla hujaongeza kelele ya injini mpya. Baadhi yenu mtagundua kwamba hapo mmeridhika. Hilo nalo ni jibu.

Anayeendelea, kanuni ya kununua ni moja: chukua kila kitu kutoka gari moja. Injini, giaboksi, klachi, kompyuta, waya wote bila kukatwa, sensa, pampu ya petroli, pedali ya mafuta ikiwa ina waya, hata soketi zake. Ndiyo maana gari lililokatwa nusu, kama yanavyouzwa Sharjah na kuletwa huku, huwa nafuu kuliko injini tupu ingawa bei yake ni kubwa: kisensa kimoja kinachokosekana kinaweza kusimamisha kazi mwezi mzima. Hapo Altezza ina faida ya kweli. Injini yake ilikuwa imelala kwa urefu wa gari na kusukuma magurudumu ya nyuma tangu kiwandani, kwa hiyo giaboksi inayohitajika ni ileile iliyokuja nayo. 4A ya Corolla za miaka ya 1990 ililala kwa upana wa gari na kuvuta mbele. Itahitaji giaboksi ya T50 ya gari la kusukuma nyuma, na ile ya vali 20 ina disitribyuta upande wa nyuma wa silinda hedi ambayo itagonga ukuta wa kabini usipoihamisha. Inawezekana, na wengi wamefanya. Ila ingia ukijua.

Beams ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, iliyo karibu na oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Jaza iliyo bora kabisa unayoipata, na ukisikia injini inagongagonga unapopanda mlima kwa gia kubwa, achia mafuta ushushe gia. Kabla ya kuifunga, badilisha mkanda wa taiming, pampu ya maji, sili za mbele na nyuma, na klachi. Injini ikiwa mezani hizo ni kazi za siku moja. Ikiwa ndani ya KE70, kila moja ni adhabu.

Kupima mahali pa kuifunga kunataka subira. Irudishe nyuma na ishuke chini kadiri inavyowezekana, huku ukiangalia sampu isigonge mhimili wa mbele wala usukani, na boneti ifunge. Acha nafasi ya vidole viwili pande zote, kwa sababu injini hucheza juu ya raba zake. Kisha jambo ambalo mafundi wengi hulipuuza: pembe ya propela. Shafti ya kutokea kwenye giaboksi na ile ya kuingilia kwenye difu ziwe sambamba, hata kama moja iko juu na nyingine chini. Zisipokuwa sambamba gari litatetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu, utabadilisha tairi, utabadilisha ekseli, na ugonjwa hautaondoka. Propela yenyewe ichongeshwe na kusawazishwa kwenye mashine. Gerezani kule Dar es Salaam wapo wanaoifanya kazi hiyo vizuri, na ukiulizia Kirinyaga Road au Industrial Area Nairobi utaelekezwa. Difu ndogo ya 4K haitahimili Beams kwa muda mrefu, kwa hiyo ipangie bajeti tangu mwanzo.

Umeme ndio unaotenganisha gari lililomalizika na lisilomalizika. Usimruhusu mtu akate waya ili apunguze msongamano kabla injini haijawaka. Iwashe kwanza na waya wote wa asili, hata kama umetandazwa kwenye kiti cha abiria kama utumbo. Ikishawaka na taa ya kompyuta ikizimika, ndipo uanze kuondoa usivyohitaji, kimoja kimoja, ukijaribu kila mara. Mfumo wa kale wa KE70 uache ufanye kazi zake: taa, honi, waipa. Injini ipate boksi lake la fyuzi na rilei zake. Weka waya mnene wa ardhi kutoka injini hadi bodi, na mwingine kutoka bodi hadi betri; hitilafu nyingi zinazotupiwa kompyuta chanzo chake ni ardhi mbovu.

Petroli nayo imebadilika. Pampu ya kabureta husukuma kwa nguvu isiyofika hata nusu baa. Injini ya sindano inataka karibu baa 3. Mpira wa zamani utapasuka, na utapasukia juu ya ekzosi. Nunua mpira ulioandikwa kuwa ni wa mfumo wa sindano, na klipu zake. Weka njia ya kurudishia mafuta kwenye tangi ikiwa injini yako inaihitaji. Tangi la kabureta halina kizuizi cha kutosha ndani, hivyo kwenye kona ndefu likiwa robo pampu itavuta hewa. Tengenezesha kikopo kidogo cha akiba kando ya pampu. Wala tangi lililowahi kubeba petroli lisichomelewe nyumbani, hata likiwa limeoshwa. Mvuke unabaki.

Kuhusu joto nitasema jambo moja kwa ukali. Tuna mazoea ya kuing'oa thamostati ati injini ipoe. Kwenye injini yenye kompyuta, hilo ni kujiharibia. Maji yakizunguka bila kizuizi injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani ni asubuhi ya baridi na kuendelea kuongeza petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na injini iliyokutoa jasho inachakaa upesi. Kama gari linachemka, tatizo liko kwingine: rejeta ndogo, feni isiyo na kava la kuelekeza hewa, au hewa iliyonaswa kwenye mzunguko wa maji. Weka rejeta yenye safu mbili, feni ya umeme yenye kava linaloziba rejeta yote, na kulenti badala ya maji ya kisima. Maji ya visima vya Mombasa yana chumvi ya kutosha kula aluminiamu ya silinda hedi. Kisha ulijaribu gari kwenye foleni ya saa nane mchana, si barabarani usiku.

Kazi ya nyumbani ina kanuni zake za uhai. Jeki ni ya kuinulia tu. Ukilala chini ya gari, gari likae juu ya stendi za chuma kwenye sakafu ngumu, kamwe si juu ya tofali, ambalo hupasuka bila kuaga. Toa betri na uchomoe kompyuta kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea. Kizima moto cha unga kiwe karibu na mkono, si stoo. Fundi unayemleta mlipe kwa hatua iliyokamilika na uwepo anapofanya, si kwa kumshuku, bali kwa sababu wewe ndiye utakayekwama njiani Voi ukihitaji kujua alifunga nini wapi.

Karatasi zisisubiri mwisho. Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini lazima ubadilishe kumbukumbu, kupitia NTSA kwa Kenya na TRA kwa Tanzania. Dai risiti na hati za kuingizia injini siku unayolipa. Injini isiyo na karatasi yaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu anayelitafuta hadi leo. Mweleze pia wakala wa bima ulichokifanya, kwa maandishi. Bima iliyokatiwa gari la sisi 1,290 haitakusaidia siku ya ajali wakikuta boneti ina sisi 1,998.

Gari likishawaka, zunguka mtaani kwanza, kisha umbali wa kilomita 20, kisha 100, na kila ukirudi kaza bolti za mauntini, propela na miguu, na ukague kila kiungio cha petroli kwa tochi. Badilisha oili mapema, baada ya kilomita 500, uipitishe kwenye kitambaa cheupe na uangalie kama ina chembe za chuma. Na rangi? Isubiri. Mauntini moja itahitaji kuchomelewa upya, bomba moja litahamishwa, na mahali fulani utatoboa tundu ambalo hukulipanga. Gari likishatembea msimu mzima wa mvua bila kufunguliwa, lipeleke kwa mpiga rangi.